Kusaini karatasi ya kuachia mtoto hakufuti matunzo

Kuna imani imekaa muda mrefu, hasa kwa watu wanaoishi Marekani, kwamba mzazi akichoka kulipa matunzo anasaini tu karatasi ya kuachia haki zake juu ya mtoto, wakili anagonga muhuri na deni linaishia hapo. Inaeleweka kwa nini watu wanaamini, maana karatasi ya kuridhia ipo kweli na inasainiwa kweli.

Ila saini peke yake haimalizi kitu, anayefuta haki za mzazi ni jaji, baada ya petisheni kufunguliwa na kesi kusikilizwa, na swali kubwa pale ni mtoto anafaidika nini. Kama hakuna anayesubiri kumuasili mara nyingi jaji anakataa, yani kwa nini mtoto abakizwe na mzazi mmoja bure? Na hata akikubali, malimbikizo ya nyuma kwa kawaida yanabaki palepale. Halafu mzazi asiyetaka kuachia naye hanyang'anywi kirahisi, tangu 1982 lazima ushahidi uwe mzito kuliko wa kesi za kawaida za madai, na mimi naona ni sawa kabisa kwa sababu haki hizi zikishaondoka kurudishiwa ni kazi sana.

Kila jimbo lina sheria yake, kwa hiyo fungua mtandaoni sheria ya familia ya jimbo lako, tafuta kifungu kinachotaja sababu za kufuta haki za mzazi, usome mwenyewe mpaka mwisho. Karani wa mahakama atakuonyesha fomu ila ushauri hatoi, huo kamuulize wakili wa msaada wa kisheria kabla hujasaini chochote.