Ramani za mafuriko Zanzibar: dhana potofu na ukweli

“Mawingu ya masika yakitanda, setilaiti haioni kitu.”
Ni kweli kwa zinazopiga picha za kawaida, mfano Sentinel-2 ya Ulaya. Mwenzake Sentinel-1 hutumia rada, nayo hupenya mawingu usiku na mchana. Maji yaliyotulia hulitupa wimbi la rada upande wa pili, kwa hiyo kwenye picha hutoka meusi. Hapo ndipo wengi hukosea: kila cheusi wanakiita mafuriko. Lami ya uwanja wa ndege ni nyeusi mwaka mzima, na mabonde ya mpunga ya Pemba yakijaa maji ya kawaida huwa vivyo hivyo. Chukua picha ya kiangazi ya njia ileile ya setilaiti, ilinganishe na ya mvua, ubakishe palipobadilika tu. Mitaa iliyobanana kama Jang'ombe huleta kinyume chake: maji na kuta kwa pamoja hulirudisha wimbi kwa nguvu, mtaa uliojaa maji ukatoka mweupe. Usiuandike kuwa mkavu kabla ya kumuuliza sheha, kiongozi wa mtaa. Tena setilaiti moja hurudi baada ya siku 12. Maji ya mjini hayamngoji mtu.

“Droni ikisharuka, vimo vya ardhi tunavyo.”
Ulichonacho ni vimo vya mapaa, minazi na miembe. Ukiendesha hesabu ya mkondo wa maji juu yake, safu ya miti hugeuka ukuta, na barabara yenye kalvati chini huwa bwawa. Ondoa miti na majengo kwanza, kisha ikate barabara pale penye kalvati. Weka alama za ardhini zinazoonekana pichani, zisizopungua tano, nne pembeni na moja katikati, zipimwe kwa GPS ya wapima ardhi. Simu hukosea kwa mita kadhaa. Kimo kibichi cha GPS nacho, hapa kwetu, humweka aliyesimama pwani zaidi ya mita 20 chini ya bahari, mpaka kisahihishwe kwa modeli ya jioidi, yaani ya usawa wa wastani wa bahari.

“Picha mbili zinatosha kuonesha ufukwe unaliwa.”
Jambiani wakati wa bamvua, maji yakipwa huenda mbali mno, kwa hiyo picha mbili za saa tofauti huonesha ufukwe tofauti hata kama haujaliwa. Pima ukingo wa mimea ya pwani, si ukingo wa maji.

“Ramani ya zamani iingizwe tu.”
Nyingi ni za Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu mahali. Ukizisoma kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, zinahama karibu mita 300. Kwenye programu ya ramani tangaza kwanza Arc 1960, kanda ya UTM ya 37 Kusini, ndipo ubadilishe kuwa WGS 84.