Mtoto karudi nyumbani, mama bado analia

"Mtoto kapona, unalia nini tena?" Mama wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huambiwa hivyo akisharuhusiwa, kana kwamba huzuni huishia kwenye lango la hospitali. Si kweli.

Machozi ya kawaida ya uzazi hupungua ndani ya wiki 2 hivi. Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni kitu kingine: yaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza, na waliojifungua kabla ya wiki 37 za ujauzito wamo hatarini zaidi. Wodini mama alikesha akisikiliza mlio wa mashine. Sasa mtoto kalala fofofo, naye bado anamwekea kiganja kifuani kuhakikisha anapumua. Huo si utovu wa shukrani (neno linaloumiza mno). Sonona ni ugonjwa, na hutibika kwa ushauri nasaha na dawa, zikiwemo zinazoruhusiwa kwa anayenyonyesha.