Barua imejibiwa ila swali halijajibiwa

Kuna sentensi nimeisoma kwenye barua za halmashauri mpaka naiota usiku: "fedha zote zimetumika kwa mujibu wa taratibu". Mtu kauliza mifuko mingapi ya saruji ilinunuliwa, anajibiwa taratibu. Na wengi wakipata barua ya hivyo, ina nembo, ina muhuri, ina Kumb. Na. ndefu kama namba ya NIDA, wanajua ndo imeisha, wanaikunja wanaiweka chini ya godoro. Haijaisha bana.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya, kazi zangu nyingi ni ardhi na mirathi, ila sa hivi watu wanaoomba taarifa serikalini nao wanakuja. Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha kule juu njia ya Tukuyu, halmashauri siitaji. Wazazi walichangia darasa, boma likaishia kwenye lenta, mvua za kule unazijua, tofali zinaota ukungu. Akaandika barua vizuri tu akaomba vitu vitatu, jumla ya michango iliyopokelewa, nakala za risiti za vifaa, na mkataba wa fundi. Jibu likaja ukurasa mmoja: jumla ya michango imetajwa, halafu ile sentensi yangu, halafu "tunakushukuru kwa kufuatilia maendeleo ya kijiji chako". Akaniambia mwanangu, hawa wamenijibu au wamenifukuza?

Nikamwambia mama, wamekujibu moja kati ya tatu.

Hapo ndo watu wanapokosea. Wakishakasirika wanafanya mawili, ama wanakimbilia kwa mkuu wa wilaya na magrupu ya WhatsApp, ama wanaandika barua mpyaaa ya kuomba vilevile kwa hasira zaidi, na hiyo barua mpya masjala wanaifungulia safari mpya kabisa, siku zinaanza kuhesabiwa upya na ile haki ya kulalamikia jibu la kwanza inakufia mkononi huku unangoja.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, ile iliyokuja kutekeleza ibara ya 18 ya Katiba, inampa mwenye taarifa (hapa ni halmashauri) siku zisizozidi 30 kukujibu kwa maandishi kama taarifa ipo na kama utapewa. Akikataa anatakiwa aseme sababu. Usiporidhika na uamuzi una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na hapo usiporidhika tena unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. (Haki hii ni ya raia, wageni hawamo. Na asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, afisa ndo anatakiwa aandike, wazee wengi hawaambiwi hili.)

Sasa swali naloulizwa kila siku: kwenye halmashauri mkuu wa taasisi si ndo mkurugenzi, na barua niliyojibiwa si imetoka kwa mkurugenzi, namlalamikiaje kwake mwenyewe? Angalia chini kwenye sahihi. Mara nyingi utakuta "Kny: MKURUGENZI MTENDAJI", yaani kwa niaba, kasaini afisa wa idara, na inawezekana kabisa mkurugenzi hiyo barua hajawahi kuiona. Kwahiyo mapitio yako yaandikie kwa mkurugenzi mwenyewe, na kwenye "Yah:" usiandike malalamiko, andika OMBI LA MAPITIO YA UAMUZI, utaje Kumb. Na. na tarehe ya barua yao. Neno malalamiko linapelekwa dawati la malalamiko na kule sheria yako haipo.

Ndani ya barua ndo penye kazi. Mama alikuwa kaandika kurasa nne, kuna mwenyekiti wa kamati, kuna ng'ombe wa mwenyekiti, kuna uchaguzi wa serikali ya mtaa. Vyote nilitoa na alininunia kidogo. Tulichobakiza ni barua fupi kwenye karatasi moja: niliomba hiki, mmenijibu hiki, bado hiki. Basi. Risiti hazikutolewa na sababu haikutajwa. Mkataba haukutajwa kabisa, haikusemwa upo wala haupo. Na usiulize "kwa nini darasa halijaisha", sheria inakupa haki ya kupata taarifa iliyopo kwenye faili, maelezo ya kwa nini wanaweza kukuzungusha nayo mpaka uzeeke. Omba karatasi.

Wakisema ni siri, waulize siri ya kifungu gani. Kifungu cha 6 kina vitu vyake, usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha ya mtu, maslahi ya biashara na vingine. Risiti ya mabati sioni inaingiaje kwenye usalama wa taifa. Kwenye mkataba wa fundi wanaweza kusema faragha au biashara yake, hapo usibishane sana, andika kwamba uko radhi wafute namba ya simu na akaunti ya benki wakupe kilichobaki. Hiyo sentensi moja imenisaidia kuliko vifungu vyote nilivyowahi kukariri.

Tarehe nazo. Barua ya mama ilikuwa na tarehe 4, yeye kaipata tarehe 26 kwa mtendaji wa kata, ilikuwa imelala kwenye droo. Mimi huwa nahesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ili mtu asije akanibishia, na siku uliyoipokea iandike palepale kwa peni pamoja na aliyekukabidhi. Ukipeleka yako nenda na nakala mbili, moja wagonge muhuri wa IMEPOKELEWA urudi nayo. Masjala akikwambia we iache tu tutaipokea, kaa kwenye benchi, usiondoke. Na kama siku 30 za mwanzo zimepita kimya hamna kitu, siku ya 31 mimi napeleka ombi la mapitio nikisema muda umeisha sijajibiwa.

Kwa Waziri ndo mwisho wa ngazi hizi na uamuzi wake sheria inasema ni wa mwisho, jambo ambalo mimi silipendi, nchi nyingine wana kamishna wa kujitegemea. Utaratibu ukikiukwa bado kuna mapitio Mahakama Kuu, masjala yake ipo hapa Mbeya na Iringa pia, ila huko tafuta wakili.

Mama alijibiwa siku ya 19. Risiti kumi na moja na mkataba, fotokopi hafifu lakini zinasomeka. Akaja kwangu Uyole na kiroba cha parachichi, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) nyingi, tukakaa tunazipanga mezani moja moja, mchanga, kokoto, mbao, nondo. Akazihesabu tena. Akaniangalia.

"Mwanangu, na ya saruji iko wapi?"

Tuna siku 22 za kuandika kwa Waziri.