Je, wajua kwa nini TB ya tumbo huweza kuufunga utumbo kama kiwavi kwenye kifukofuko?

Mgonjwa tumbo linamsokota, anatapika, hajapata choo wala kutoa upepo kwa siku mbili. Eksirei ya tumbo iliyopigwa akiwa amesimama inaonyesha utumbo mwembamba umevimba, hewa imekaa juu ya maji. Umeziba, hilo ni wazi. Umezibwa na nini, eksirei haiwezi kusema.

Mara chache, kilichouziba ni utando. Bakteria wa TB wakiingia kwenye peritoniamu, ile ngozi laini inayotanda ndani ya tumbo, hutoka majimaji yenye protini nyingi. Baadhi ya protini hizo huganda, na baadaye hukomaa kuwa utando mgumu mweupe unaoyakusanya mapindo ya utumbo na kuyafunga pamoja. Jina la "kifukofuko cha tumbo" lilitokana na taarifa ya mwaka 1978 kuhusu wasichana wa Singapore ambao chanzo chao hakikujulikana, kwa hiyo si kila kifukofuko ni TB. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumboni nao hukipata.

Ultrasaundi huanza, kwa kuwa ni rahisi na haina mionzi. Kwenye tumbo lenye maji, mapindo ya utumbo huelea na kusogea mgonjwa anapogeuka. Yaliyofungwa hayaelei: yamebanana katikati, yamekunjana kama akodiani. Tatizo ni hewa, kwani utumbo uliojaa hewa huyazuia mawimbi ya sauti yasipite.

Hapo ndipo CT, picha za eksirei zinazouonyesha mwili vipande vipande, inapohitajika. Pima kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kisha choma dawa ya picha (inayozifanya sehemu zenye damu zing'ae) kwenye mshipa na upige kama sekunde 70 baadaye. Utumbo ukiwa umeziba kabisa, usimnyweshe dawa ya picha; majimaji yaliyomo ndani yanatosha, na atatapika tu. Tafuta utando unaong'aa kuzunguka kundi la utumbo, mara nyingi wenye unene unaozidi milimita 2. Kisha tafuta alama za TB yenyewe: tezi za limfu zenye ukingo unaong'aa na kiini kilichokufa, ukuta mnene pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, na maji mazito ya vipimo vya Hounsfield 25 hadi 45 (kipimo cha uzito wa kitu kwenye CT; maji safi ni 0). Eksirei ya kifua isiyo na dosari isikupumbaze. Wagonjwa wengi wa TB ya tumbo wanayo hiyo.

Kosa la kawaida ni kukidhania kifukofuko kuwa ngiri ya ndani, yaani utumbo uliopenya kwenye tundu humohumo tumboni. Kwenye ngiri, utumbo hukaa upande mmoja na mishipa ya damu husukumwa mlangoni mwa kifuko. Aidha, picha haithibitishi TB. Kinachothibitisha ni kipande cha nyama kilichokatwa tumboni au majimaji yaliyopimwa maabara.

Ukuta wa utumbo usiong'aa, hewa ndani ya ukuta, au hewa iliyotoka nje ya utumbo: hizo ni dalili za kumwita daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Zisipokuwepo, na kuziba kukiwa nusunusu, mpira wa puani unaoshuka hadi tumboni kutoa majimaji na hewa, pamoja na dawa za TB, huweza kutosha. Ila mgonjwa afuatiliwe, maana vidonda vya TB hupona kwa kuacha makovu, na makovu hukaza. Wapo wanaoziba utumbo wakiwa katikati ya dozi, huku homa imekwisha na uzito unaongezeka.