Je, wajua kwa nini mtu mzima huelewa Kiingereza lakini akiulizwa swali anakwama?

Mama mmoja wa darasa langu la jioni la Kiingereza hapa Nairobi, mama fua wa Kayole, alipigiwa simu aende kuhojiwa kwa kazi ya usafi katika kiwanda kimoja Industrial Area. Akaambiwa afike "two o'clock". Two ni mbili, basi saa mbili. Kufikia saa moja na nusu asubuhi alikuwa langoni, blauzi imepigwa pasi, vyeti vimo ndani ya bahasha ya kaki. Aliketi kwenye benchi la masoja hadi saa nane mchana, ambayo ndiyo saa aliyoitiwa. Alipoingia, swali la kwanza lilikuwa lile lile tulilolifanyia mazoezi mpaka likatuchosha: "Tell me about yourself." Akanyamaza.

"Nilielewa, mwalimu," aliniambia kesho yake. "Ni maneno tu yalikataa kutoka."

Kosa la saa ni rahisi kulieleza. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, Waingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita, na ukitafsiri tarakimu badala ya wakati, umepotea. Kile kimya ndicho kinachotaka maelezo, kwa sababu nakiona kila muhula katika ngumbaru yetu, na wanaokwama si wavivu.

Kusikia na kusema si kazi moja. Kusikia ni kutambua. Ni kama kukutana na mtu Gikomba: uso unaujua mara moja, mlikaa ploti moja Umoja, na hata jina likikuponyoka mnasalimiana vizuri tu. Kusema ni kulitoa lile jina.

Na kulitoa kuna haraka yake. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilichapisha vipimo vya mazungumzo katika lugha 10 za pembe mbalimbali za dunia, kuanzia Kijapani hadi lugha moja ya Namibia. Walikuta kwamba kati ya swali kuisha na jibu kuanza hupita, kwa wastani, kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa, kutaja tu jina la kitu ulichoonyeshwa kwenye picha, kwa lugha yako mwenyewe, huchukua zaidi ya nusu sekunde. Hesabu haikubali, ila kwa njia moja: jibu hupikwa wakati swali bado linaulizwa.

Mzoefu wa lugha anaweza hayo, sikio liko kwa mgeni na sufuria iko motoni. Anayejifunza hawezi. Akili yake yote imeshikwa na kusikiliza, na swali likiisha ndipo anaanza kutafuta kiberiti. Zinapita sekunde tatu, nne. Kwa anayeuliza, hizo ni ndefu kama foleni ya Mombasa Road, na anazisoma vibaya: huyu hajui kitu.

Halafu kuna woga, na woga huo una historia. Wakenya wengi wanaikumbuka diski, kile kibao kilichoning'inizwa shingoni mwa mtoto aliyeponyokwa na lugha ya nyumbani shuleni. Ulikivaa mpaka umnase mwenzako, na aliyekutwa nacho jioni alikula viboko. Njia ya uhakika ya kutokivaa ilikuwa kufunga mdomo. Mtu aliyejifunza hivyo akiwa na miaka minane hatausahau mdomo uliofungwa kwa sababu tu sasa ana arobaini. Wanafunzi wangu kutoka Bukavu na Goma, huko Kongo, hawakuionja diski ya Kiingereza, na inaonekana: wanakosea kwa sauti kubwa, wanacheka, wanarudia. Kufikia mwezi wa pili huwa wanawapita wenyeji kwa kuzungumza, ingawa wenyeji wana maneno mengi zaidi kichwani.

Kisingizio cha umri sikipokei sana. Tunamkumbuka Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Na mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliofuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi walikuta kwamba katika miezi ya mwanzo watu wazima, na hasa vijana wa miaka 12 hadi 15, walijifunza Kiholanzi haraka kuliko watoto wadogo. Mtoto hushinda baadaye, zaidi kwenye lafudhi. Kiwandani hakuna anayelipwa kwa lafudhi.

Kazi nyingi za Nairobi husemwa kwa Kiswahili na Sheng, lakini huandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ilivifanya Kiswahili na Kiingereza vyote viwili kuwa lugha rasmi, ila mkataba, karatasi ya mshahara na lile onyo la ukutani bado havijapata habari. Soja anaweza kukesha zamu nzima bila kutamka neno la Kiingereza, kisha alfajiri lazima ajaze OB, kitabu cha matukio. Mmoja aliniletea picha ya ukurasa wake kwenye simu: "Supplier come. I open gate." Msimamizi alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Alikuja, au huja kila siku? Lango lilifunguliwa au la?

Msimamizi alidhani ni uzembe. Mimi nilimpa yule soja zoezi la kujaza mapengo na akapata yote, kwa hiyo sarufi anaijua. Shida iko kwenye sikio. Kiswahili hubeba habari zake mbele ya kitenzi: alikuja, anakuja, atakuja. Tumezoea kusikilizia mlangoni. Kiingereza mara nyingi huificha habari hiyo hiyo mkiani, "opened", kwenye konsonanti ndogo ambayo hatuna mazoea ya kuingojea, maana maneno yetu huishia kwenye irabu. Ndiyo sababu "desk" ikawa deski. Mkono wake ulikuwa unaandika kile sikio lake linachosikia.

Basi tuliweka kitabu cha sarufi kando kwa majuma mawili, tukasoma OB. Vitenzi vyake ni vichache na vinajirudia: opened, closed, checked, reported, handed over. Tulivisoma kwa sauti, tukiukanyaga ule mkia kwa makusudi mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Dawa ya kimya ni ya ukoo huo huo: sentensi zilizopikwa jana. Hakuna anayeijenga "habari ya asubuhi" neno kwa neno, inatoka nzima. Nasi tunaanza na zile za kuvuta muda na za kuuliza tena. "Let me think." "Sorry, did you say fifteen or fifty?" Hiyo ya pili ina sababu: sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa mkazo huo 15 na 50 zinafanana kama mapacha. Muulize karani yeyote wa stoo.

Na lile swali la kujieleza? Mtu wetu akiambiwa ajieleze huanza na kwao: mzaliwa wa Kakamega, wa tatu kati ya watoto saba. Ni adabu. Mwajiri anataka kazi: umefanya nini, kwa muda gani, unaweza nini. Kwa miaka mingi nililisahihisha jibu hilo kama kosa la lugha. Kumbe jambo lenyewe linaeleweka kwa dakika tano, likielezwa kwa Kiswahili. Wapo walimu wanaopiga marufuku Kiswahili katika madarasa haya. Mimi naona ni diski ile ile imerudi, imevaa tai.

Yule mama alipigiwa simu nyingine mwezi uliopita, tukiwa katikati ya somo. Akatoka hadi kwenye ngazi, darasa zima likanyamaza kusikiliza. "Sorry, sir. Did you say two in the afternoon?" Akangoja. "Thank you." Alirudi, akaomba kalamu, akaandika kiganjani: saa nane.