Printa "haisomi": maana ya upatanifu kati ya printa na kompyuta ya Linux

Katika steshenari za Ng'ong'ona na maeneo mengine yanayokizunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, hasa wanafunzi wanapokimbizana na ripoti za mafunzo kwa vitendo, hakuna neno linalosikika mara nyingi kama "haisomi". Flashi haisomi, simu haisomi, printa haisomi. Ni neno jepesi na kila mtu analielewa, lakini likitumika kwa printa iliyounganishwa na kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux, hufunika matatizo ya aina tatu, kila moja na tiba yake. Anayeyachanganya hupoteza siku nzima akibadilisha waya ambao hauna tatizo, au hununua mashine mpya ilhali aliyonayo ni nzima. Dhana inayosaidia kuyatenganisha matatizo hayo ni upatanifu.

Upatanifu, katika mambo ya kompyuta, ni uwezo wa vitu viwili vilivyotengenezwa na watu tofauti, mahali tofauti na pengine miaka tofauti, kufanya kazi pamoja kama vilivyo. Printa inapatana na kompyuta pale kompyuta inapoweza kuueleza ukurasa kwa namna ambayo printa inaielewa, na printa nayo ikaweza kujibu kwamba imepokea, kwamba karatasi zimekwisha, au kwamba tona inakaribia kuisha. Kutopatana si ubovu. Printa yaweza kuwa nzima, kompyuta ikawa nzima, waya ukawa mzima, na bado isitoke hata karatasi moja, kwa sababu kinachokosekana hakimo ndani ya kimoja kati ya vitu hivyo, bali kinatakiwa kuwa kati yao.

Kinachotakiwa kuwa kati yao ni lugha. Ripoti inayoonekana kwenye skrini haisafiri hadi kwenye printa ikiwa hivyo ilivyo, bali hugeuzwa kwanza kuwa maelezo ya ukurasa: herufi hii ikae hapa, kwa ukubwa huu, na mstari upite pale. Maelezo hayo huandikwa kwa lugha maalumu, na lugha hizo ni nyingi. Adobe ilitoa PostScript mwaka 1984, na mwaka uliofuata Apple ikaiweka ndani ya printa yake ya leza iliyoitwa LaserWriter. HP ina PCL, Epson ina ESC/P, Canon ina CAPT na UFR II, na printa nyingi za Samsung zilitumia SPL. Mtu anayeifahamu Dodoma ya kaskazini hatashangazwa na hali hiyo. Katika wilaya za Kondoa na Chemba, Warangi huzungumza lugha ya Kibantu, Waburunge lugha ya Kikushi, na Wasandawe lugha yenye vidoko ambayo haifanani na yoyote kati ya hizo mbili. Anayejua moja hawezi kuipata nyingine kwa kubahatisha, na wote wakikutana mnadani hutumia Kiswahili. PostScript, na baadaye PDF, zilikuwa na nafasi ya kuwa Kiswahili cha printa.

Hazikupata nafasi hiyo kikamilifu, na sababu kubwa ni bei. Printa inayoielewa PostScript huhitaji prosesa na kumbukumbu ya kutosha ndani yake, pamoja na leseni, na vyote hivyo hulipiwa na mnunuzi. Watengenezaji wakatafuta njia ya kupunguza gharama: kazi yote ya kuuchora ukurasa ifanywe na kompyuta, na printa ipokee tu nukta zilizokwisha kupangwa, zikiwa zimefungashwa kwa mtindo ambao kampuni haikuutangaza. Printa nyingi ndogo za leza za bei nafuu, zile ambazo mwenye steshenari anayeanza biashara huzikimbilia kwa haki kabisa, ni za aina hii. Hazijui Kiswahili cha mnadani. Zinajua lugha ya nyumbani kwao tu.

Programu inayoigeuza kazi yetu kuwa lugha hiyo ya printa ndiyo inayoitwa draiva. Kwa Windows, kampuni huiandika draiva yenyewe na kuiweka kwenye CD ndani ya boksi au kwenye tovuti yake. Kwa Linux, ama kampuni ikubali kuiandika, ama iitangaze lugha yake ili wengine waiandike, ama watu wanaojitolea wakae chini na kuchunguza kinachopita kwenye waya, baiti kwa baiti, mpaka waielewe lugha hiyo wenyewe. Kazi ya namna hiyo ya tatu ni ngumu na inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kwa hiyo, tunaposema printa fulani haipatani na Linux, mara nyingi maana halisi ni kwamba ujuzi wa lugha yake haujawafikia watu wanaoitengeneza Linux.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mnamo 1980, katika maabara ya akili bandia ya MIT nchini Marekani, mwandishi wa programu aitwaye Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa mpya ya leza ya Xerox ili iwajulishe watumiaji karatasi zinapokwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa ya zamani. Safari hii msimbo wa programu haukutolewa, na mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alimkatalia kwa kuwa alikuwa ameahidi kutoutoa. Stallman ametaja kisa hicho mara nyingi miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo wa programu huria, mwaka 1983, na programu za GNU ndizo zilizounganishwa na kiini (kernel), yaani programu inayoongoza vifaa vya kompyuta, kilichoandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991 zikawa mfumo tunaouita Linux. Tatizo la printa, kwa maneno mengine, limeitangulia Linux yenyewe.

Ndani ya Linux ya leo, msimamizi wa uchapaji wote ni programu iitwayo CUPS. Ilianzishwa na Michael Sweet, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1999, Apple ikainunua mwaka 2007, na hadi leo kompyuta za Mac zinaitumia. Upande wa Linux sasa unaendelezwa chini ya mradi wa OpenPrinting. Mtu anapobonyeza kitufe cha kuchapa, programu anayoitumia hutengeneza PDF, CUPS hulipokea faili hilo na kulipanga kwenye foleni, kisha hulipitisha katika mfululizo wa programu ndogo ziitwazo vichujio, ambazo hulibadilisha hatua kwa hatua hadi liwe katika lugha ya printa husika, na mwisho hulisukuma kupitia waya wa USB au mtandao. Ili kujua vichujio vipi vitumike, CUPS kwa desturi husoma faili la maelezo ya printa, maarufu kwa jina la PPD. Ukifungua kivinjari na kuandika localhost:631 utaiona foleni hiyo, na kazi zilizokwama ndani yake.

Sasa turudi kwa "haisomi". Maana ya kwanza ni kwamba kompyuta haioni kifaa chochote. Amri ya lpinfo -v, inayoandikwa kwenye dirisha la amri (terminal) na kuorodhesha njia zote ambazo CUPS inaona zinaelekea kwenye printa, haitaji chochote kinachofanana na mashine iliyo mezani. Hapo upatanifu bado haujafikiwa hata kujadiliwa: tazama waya, umeme na, kama printa iko kwenye Wi-Fi, hakikisha kwamba iko kwenye mtandao ule ule wa kompyuta. Mitandao mingine, hasa ile ya wageni katika taasisi na hoteli, huzuia vifaa visionane kabisa.

Maana ya pili ni kwamba kompyuta inaiona printa na kuitaja kwa jina, lakini haina draiva yake. Huku ndiko kutopatana kwenyewe. Dalili yake ni kwamba mfumo unakuomba uchague draiva na modeli yako haimo kwenye orodha, na mtu akichagua modeli ya jirani kwa matumaini, hutoka kurasa kadhaa za alama zisizosomeka, kwa kuwa printa imepokea lugha isiyo yake ikajaribu kuichapa kama maandishi. Kabla ya kukata tamaa, ni vyema kutafuta katika vifurushi vya mfumo wako, yaani programu zilizo tayari kusakinishwa kutoka hifadhi yake, kwani draiva nyingi za wajitoleaji zimo humo: Gutenprint kwa printa nyingi za wino, brlaser kwa printa kadhaa za leza za Brother, SpliX kwa zile za SPL. HP nayo ina mradi wake wa Linux, HPLIP, unaohudumia modeli nyingi sana.

Maana ya tatu ndiyo inayowachanganya watu zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Kompyuta inaiona printa, draiva ipo, foleni inapokea kazi, kisha kazi inasimama na ujumbe usemao "Filter failed", yaani kichujio kimeshindwa. Katika steshenari moja, mama mwenye duka aliniita akisema, "Mwalimu, jana ilikuwa inatoa vizuri, leo haisomi." Kilichokuwa kimetokea ni kwamba kijana wake alikuwa ameweka toleo jipya la mfumo usiku uliotangulia, ilhali draiva ya kampuni ilikuwa imeandikwa miaka mingi nyuma kwa kompyuta za biti 32. Mfumo mpya wa biti 64 haukuwa na maktaba za biti 32, yaani mafaili ya msimbo wa pamoja, ambazo draiva hiyo ilizitegemea. Draiva ilikuwepo, lakini ilikuwa kama mkalimani aliyefika kazini bila miwani yake. Tulipoongeza maktaba hizo, foleni ya wanafunzi waliokuwa wamesimama mlangoni ilianza kupungua. Jibu tulilipata katika faili la kumbukumbu za CUPS, error_log, lililo katika folda ya /var/log/cups, ambalo watu wengi hawalifungui kamwe ingawa mara nyingi hulitaja kosa waziwazi.

Katika kundi hili hili zipo printa ndogo za LaserJet za zamani, kama 1020 na P1005, ambazo hazihifadhi programu yao ya ndani. Kila zinapowashwa, kompyuta hulazimika kuzipelekea programu hiyo upya kabla hazijaweza kuchapa. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, hilo si jambo dogo: umeme ukirudi, printa inaonekana imewaka, taa ni ya kijani, lakini ndani haina kitu mpaka ipelekewe tena. Baadhi ya modeli za HP huhitaji pia programu-jalizi (plugin), yaani programu ya nyongeza, ambayo si ya chanzo huria, na toleo lake sharti lilingane na toleo la HPLIP. Ukisasisha HPLIP bila kuisasisha programu-jalizi, printa husimama.

Kuna kosa jingine ambalo si la upatanifu ingawa hujifanya kuwa hilo. Mtu anapoweka Linux na kuchagua Kiingereza cha Marekani, ukubwa wa karatasi huweza kuwekwa kuwa Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tunatumia A4, yenye 210 kwa 297. Printa hupokea kazi, huona kwamba trei haina karatasi iliyoombwa, na huanza kuwasha na kuzima taa ikisubiri. Badilisha karatasi iwe A4 katika mipangilio ya printa na ya programu unayochapia.

Habari njema zimetoka upande wa simu. Simu haiwezi kubeba draiva ya kila printa duniani, kwa hiyo Apple ilileta AirPrint mwaka 2010, na kundi la watengenezaji wa printa likaweka kiwango kiitwacho IPP Everywhere mwaka 2013. Katika mpangilio huu, printa yenyewe hujieleza inapoulizwa: karatasi za ukubwa gani inazipokea, kama inachapa pande mbili, kama ina rangi, na ni aina zipi za mafaili inazielewa, miongoni mwa chache zilizotangazwa kwa wote. CUPS inaijua lugha hiyo, na hivyo Linux inaweza kuichapia printa ya namna hiyo bila draiva yoyote. Programu iitwayo ipp-usb huwezesha mawasiliano hayo hayo kupita kwenye waya wa USB, ikiwa printa imeundwa kuyakubali. Toleo la 3 la CUPS limekusudiwa kuegemea njia hii na kuachana na PPD, huku printa za zamani zikihudumiwa na programu ndogo za kuzikalimania.

Kwa anayenunua printa leo, basi, maandishi ya AirPrint kwenye boksi yana faida hata kama hamiliki kifaa chochote cha Apple, na yanafaa kutafutwa kabla ya kutazama kasi au umbo. Printa yenye USB pekee na isiyo na maandishi hayo inaweza kufanya kazi vizuri, lakini ichunguzwe kwanza. Ikiwa ni mashine yenye skana, uliza kuhusu skana peke yake, kwa sababu uskani kwenye Linux husimamiwa na programu nyingine, SANE, na mashine inayochapa vizuri yaweza isiskani.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Weka Linux kwenye flashi kwa namna ya kuwaka bila kusakinishwa, nenda nayo dukani pamoja na laptopu, na umwombe muuzaji kwa adabu akuruhusu kutoa ukurasa mmoja kabla ya kulipa. Ukitoka, andika jina la modeli lote, pamoja na herufi za mwisho, kwa maana w, n au dw mwishoni mwa namba huashiria vifaa tofauti ndani ya mashine, na printa mbili zenye namba moja lakini herufi tofauti zinaweza kutofautiana hasa katika jambo hili la kupatana au kutopatana.