Kabla ya kuuliza sikukuu ni ya nani, uliza kalenda yake

Desemba ikikaribia tu, nalisikia dai lilelile: kwamba sikukuu zote za majira ya baridi chimbuko lake ni moja, watu wa kale walioogopa giza na kulibembeleza jua lirudi. Dai tamu, na chembe ya ukweli limo. Lakini kwa sisi tunaoshinda na kalenda za zamani linachosha, maana sikukuu mbili zaweza kukutana Desemba bila kuwa na undugu wowote. Swali langu la kwanza huwa moja: hii inafuata kalenda gani?

Zipo zinazolifuata jua lenyewe. Katika kizio cha kaskazini, siku fupi kuliko zote kwa kawaida huangukia Desemba 21 au 22. Wachina huiadhimisha kwa jina la Dongzhi, na hawabahatishi: ni siku jua linapofikia nyuzi 270 katika njia yake angani. Nchini Iran watu hukesha usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko wote, wakila komamanga na tikitimaji, huku diwani ya Hafez, mshairi wao wa kale, ikifunguliwa popote itakapofunguka ili kila mtu apate ubashiri wake. Hapa dai la jua linasimama bila taabu.

Sasa tazama Sweden. Desemba 13, kungali giza la asubuhi, msichana mwenye kanzu nyeupe, utepe mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani huongoza msafara wa waimbaji. Ni siku ya Mtakatifu Lusia, mfiadini wa Sirakusa. Masimulizi ya zamani ya huko yanasema usiku wake ndio mrefu kuliko wote, ilhali siku fupi bado iko mbele kwa wiki nzima na zaidi. Wazee hawakukosea. Kalenda ya Julius, ya Warumi wa kale, huupa mwaka siku 365 na robo, yaani dakika 11 hivi zaidi ya mwaka wa jua. Dakika hizo zikijikusanya hufika siku nzima kila baada ya miaka 128 hivi, na kufikia karne ya 14 siku fupi ilikuwa imeshateleza hadi karibu na Desemba 13. Baadaye, mwaka 1753, Sweden ikahamia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo. Jua likarudi kwenye tarehe zake za mwishoni mwa mwezi. Lusia akabaki na tarehe yake.

Dakika hizohizo ndizo zinazowafanya Waorthodoksi wa Urusi na Serbia kusherehekea Krismasi Januari 7. Wao bado wako Desemba 25, ila ya Julius, inayochelewa kwa siku 13. Mwaka 2100 pengo litaongezeka siku moja, na wakiendelea na kalenda hiyo, kuanzia 2101 Krismasi yao itakuwa Januari 8. Ama kwa nini Desemba 25 kwanza, wanahistoria wamegawanyika: wengine husema ilichukua nafasi ya sikukuu ya jua ya Warumi, wengine kwamba ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa tangu Machi 25, siku ya kutungwa mimba kwa Yesu. Mimi naegemea hesabu, ingawa sitagombana na mtu.

Hanuka, sikukuu ya Wayahudi, ndiyo niipendayo zaidi kuieleza, kwa sababu haina deni lolote kwa jua. Inakumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 K.K., baada ya ushindi wa Wamakabayo, waasi wa Kiyahudi. Huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev, na kwa kuwa miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo, siku zake nane huangukia mwezi unapofifia, unapopotea na unapoandama upya. Taa zinawashwa katika usiku wenye giza kwelikweli. Walimu wa kale wa sheria za Kiyahudi walibishana: shule ya Shammai ilitaka kuanza na taa nane na kupunguza moja kila usiku. Ya Hillel ikataka kuanza na moja na kuongeza, na ndiyo iliyoshinda. Mishumaa hupangwa kutoka kulia, lakini huwashwa kutoka kushoto, ule mpya kwanza, kwa mshumaa wa tisa uitwao mtumishi. Sikukuu haitoroki msimu wake kwa sababu kalenda huongezewa mwezi mzima mara 7 katika miaka 19. Hivyo huanza mwishoni mwa Novemba mwaka mmoja, na jioni ya Desemba 25 mwaka mwingine, kama ilivyokuwa 2024.

Kalenda ya Kiislamu haiongezewi kitu. Mwaka wake hupungukiwa siku 11 hivi ukilinganishwa na wa jua, ndiyo maana Idi huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na kote kaskazini saa za kufunga zitakuwa fupi.

Na haya yote ni habari za kaskazini. Kusini mwa ikweta baridi huja Juni. Cusco, Peru, huadhimisha Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Wainka, Juni 24, na Wamaori wa New Zealand huanza mwaka wao kwa Matariki, kundi la nyota tunaloliita Kilimia linapochomoza tena alfajiri katikati ya baridi. Tangu 2022 ni sikukuu ya taifa, na tarehe yake hubadilika kila mwaka kwa kufuata mwezi.